Mimba Ikichelewa, Mume Naye Aje Kliniki

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha afya ya uzazi



Mimba ikichelewa, lawama humwendea mke. Mama mkwe humuuliza, majirani humtazama tumbo, na kliniki hupanga foleni peke yake. Lakini utungaji wa mimba ni kazi ya wawili, hata kwenye vitu visivyoonekana kwa macho.

Mbegu za kiume hutoka kwa mamilioni, na chache tu ndizo hulifikia yai kwenye mrija wa uzazi. Huko hukuta ganda laini la protini. Mbegu iliyolipenya bado haijafika: ni lazima ishikane na utando wa yai lenyewe.

Mwaka 2005 wanasayansi wa Japani walitambua protini iliyo juu ya mbegu, wakaiita Izumo, jina la hekalu la kwao linalohusishwa na ndoa. Panya dume waliokosa protini hiyo walikuwa na mbegu zinazoogelea vizuri na kupenya ganda, ila haziungani na yai. Basi Izumo hushika nini? Jibu lilitoka Uingereza mwaka 2014: protini ya yai, iliyopewa jina Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi. Panya jike asiye na Juno hazai. Binadamu pia ana protini hizi mbili, moja kwa mume, moja kwa mke.

Mbegu moja ikishaingia, yai la panya huondoa Juno kwenye utando wake kwa dakika 40 hivi, na hilo husaidia kuzizuia mbegu nyingine. Mwaka 2024 ilibainika pia kwamba Izumo haifanyi kazi peke yake. Hushikamana na protini nyingine mbili za mbegu, SPACA6 na TMEM81.

Kipimo cha kawaida cha manii huangalia wingi wa mbegu, mwendo na umbo. Protini hizi hakizioni. Ndiyo maana wengine huambiwa kila kitu kiko sawa na bado mtoto hapatikani. Daktari hajawadanganya, wala hakuna aliyewaroga. Kuna njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai maabarani, ambayo huruka hatua hiyo ya kushikana, ingawa gharama yake ni kubwa.

Hata hivyo, matatizo mengi huonekana kwa vipimo vya kawaida: mbegu chache, au mirija iliyoziba kwa sababu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani.

Mkijaribu miezi 12 bila mafanikio, au 6 ikiwa mke amepita miaka 35, njooni pamoja. Mume asitoe manii kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, na aeleze dawa zote anazotumia, zikiwemo za kujenga misuli.