Kubalehe: Mwili Hutangulia, Akili Hufuata

Leo twapenda kusema nanyi mlioko Ramadhani na mitaa mingine ya mji wa Njombe, nanyi wa Makambako na vijiji vya jirani, wazazi pamoja na watoto walio shuleni. Jambo lenyewe ni kubalehe. Watu wazima hulijua sana, lakini wengi huona haya kulitaja. Walakini mkulima asiyejua wakati wa mahindi kutoa mbelewele hawezi kuyatunza, na mtoto ni bora kuliko mahindi.

Kwanza tuulize, mabadiliko haya hutoka wapi? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kadiri ya punje ya njegere. Wakati ukiwadia, sehemu ya ubongo iliyo juu yake huipa amri, nayo humimina katika damu vitu viitwavyo homoni. Homoni ni mfano wa tarishi, huchukua habari toka kiungo kimoja hata kingine. Tarishi hao wafikapo katika ovari za msichana au korodani za mvulana, viungo hivyo navyo hutoa homoni zake kwa wingi. Iliyo kuu kwa msichana huitwa estrojeni, na kwa mvulana huitwa testosteroni.

Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13. Matiti huchomoza, nyonga hupanuka, nywele huota kwapani na sehemu za siri. Na baada ya miaka 2 hivi, au zaidi kidogo, hedhi huja. Wavulana huanza kati ya miaka 9 na 14. Korodani hukua kwanza, kisha uume. Sauti huwa nzito, ndevu huota, na manii huweza kutoka usingizini. Huenda pia mvulana akavimba kidogo chini ya chuchu akaogopa. Kwa kawaida uvimbe huo huondoka wenyewe. Wengi hutokwa na chunusi, na jasho huwa na harufu isiyokuwako kwanza. Kwa hiyo hata katika baridi ya Juni na Julai maji yapashwe moto, mtoto aoge.

Darasani msichana wa miaka 12 huweza kumpita kimo mvulana wa umri wake. Mvulana huyo asichekwe, zamu yake yaja. Lakini msichana afikaye miaka 13 bila dalili yo yote, au mvulana afikaye 14, yafaa apelekwe zahanati akatazamwe.

Chakula nacho kina sehemu yake, kwa maana mtoto asiyelishwa vema huweza kuchelewa kubalehe. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika Mkoa wa Njombe karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, ingawa mkoa huu hutoa mahindi, viazi, maziwa na parachichi. Basi kushiba si kulishwa. Tena msichana aliye katika hedhi hupoteza madini ya chuma pamoja na damu. Maharagwe, mboga za majani, nyama na dagaa visimpite vikaishia kwa kaka zake.

Hedhi si ugonjwa wala si uchafu. Atumiaye vitambaa avifue kwa sabuni na kuvianika juani. Twajua ukungu wa Njombe, na twajua haya ya wasichana, ambao huvificha uvunguni vikabaki na unyevu. Siku isiyo na jua vipigwe pasi ya moto hata vikauke kabisa.

Sasa twaja kwenye neno kubwa. Mwili uwezao kuchukua mimba si mwili uliokomaa. Nyonga za msichana mdogo bado zakua, na mtoto akikwama wakati wa kuzaliwa, mama huweza kufa au kupata fistula. Ubongo nao huendelea kukomaa hata kupita miaka 20. Tena uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta ya kuwa Njombe yazidi mikoa yote ya Tanzania Bara kwa virusi vya UKIMWI, karibu watu wazima 13 katika kila 100. Makambako ni njia panda ya magari na gari moshi; wapita njia ni wengi, na zawadi ya mgeni kwa msichana haikosi sharti.

Sheria ya elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yamhukumu ampaye mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Tena tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Mzazi asimfungie mlango uliofunguliwa na serikali.

Ninyi akina baba na akina mama, msingoje mtoto aulize. Mwambieni kabla damu haijamshtua, na kabla sauti haijamgeuka akachekwa. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na karo ya ulimwengu ni ghali. Nanyi vijana, mwili ukitangulia, usiufuate mbio. Ungojeni mpaka akili iwasili.

Kwaherini.