Utafiti Juu ya Wakulima Urudi kwa Wakulima

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi

Elimu, uongozi, soko la mazao na maktaba ni mambo manne ambayo wataalamu wa vyuo vikuu aghalabu huyachunguza moja moja. Mtaalamu wa elimu huandika juu ya madarasa, wa uongozi juu ya kamati na uchaguzi, wa uchumi juu ya bei, na mkutubi juu ya vitabu. Katika chama cha msingi mambo hayo hayatenganishiki. Mwanachama asiyeweza kusoma stakabadhi yake hawezi kujua kama amepunjwa. Asiyejua kwamba amepunjwa hawezi kumwuliza katibu. Katibu asiyeulizwa huacha daftari bila kulijaza, na daftari lisilojazwa wala kutunzwa halitamfaa mwanachama wa msimu ujao.

Kwa miaka mingi wakulima wa pwani ya Ziwa Victoria wameulizwa maswali na watafiti wa kila aina. Wamepimiwa mashamba, wamehesabiwa ng'ombe, wameulizwa mapato yao. Jambo linalostahili kufikiriwa na kila chama ni hili: majibu yale yako wapi leo, na yamemfaa nani?

Mizani ya mwanzo

Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kutokana na uchunguzi, na uchunguzi huo ulifanywa na wakulima wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba ya Usukuma iliuzwa kwa wafanyabiashara walioinunua kwa niaba ya wenye viwanda vya kuchambulia. Wakulima walishuku kwamba mizani ya wanunuzi haikusema kweli. Shuku hiyo ilikuwa ya siku nyingi, lakini shuku peke yake ni manung'uniko tu. Ilipata nguvu pale wakulima walipoweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe kwanza upande wa mkulima kabla ya kufikishwa kwa mnunuzi. Uzito wa kwanza ulipolinganishwa na uzito wa pili, neno la mkulima lilipata ushahidi.

Kutokana na juhudi hizo kilianzishwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, kikiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Mwaka 1955 liliandikishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU, ambalo baada ya miaka michache lilishika ununuzi wa pamba ya jimbo zima na kumiliki viwanda vyake la wenyewe. Hapana budi wajumbe wakumbuke kwamba msingi wa jengo hilo kubwa ulikuwa mizani ya pili na karani mwaminifu mwenye kalamu.

Shamba la majaribio

Uchunguzi wa namna nyingine ulifanyika Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kituo kile walitafuta mbegu ya pamba inayofaa udongo na mvua za kanda hii. Adui mmoja alikuwa mdudu mdogo anayefyonza utomvu chini ya majani, akayafanya yakunjamane na kuwa mekundu. Wataalamu walitambua kwamba mipamba yenye majani ya manyoya ilimshinda mdudu huyo, kwa hiyo wakaichagua na kuizalisha msimu baada ya msimu. Herufi UK zilizo katika majina ya mbegu nyingi za pamba za nchi hii zimetoka katika jina la Ukiriguru.

Utafiti huo ulirudi kwa mkulima kwa sababu ulirudi ukiwa ndani ya gunia la mbegu. Mkulima hakuhitaji kusoma kitabu ili afaidike. Lakini si kila utafiti unaweza kutiwa guniani. Utafiti juu ya bei, juu ya mikopo au juu ya uendeshaji wa vyama huja katika karatasi, na karatasi humtaka msomaji.

Kusoma na kuhesabu

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wapatao asilimia 67 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa elimu yenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO, na makao yake yakawa Mwanza. Ulihusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vitabu vyake vya kusomea havikuwa vya kitoto. Vilimfundisha mtu herufi kwa kutumia kazi yake mwenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na malezi ya nyumbani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisiwa cha Ukerewe kilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizotakiwa kutangulia kufuta ujinga. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10.

Fundisho la mradi ule kwa vyama vya ushirika ni la aina mbili. La kwanza ni kwamba mtu mzima hujifunza upesi anapoona faida ya anachojifunza, na hakuna somo lenye faida ya karibu zaidi kuliko stakabadhi ya pamba yake. La pili ni kwamba anayejifunza kusoma kisha akakosa cha kusoma husahau. Ndiyo sababu wasimamizi wa elimu ile walianzisha maktaba za vijijini, na hapa Mwanza likatolewa gazeti la wakulima lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Mahali ambapo rafu zile zilibaki tupu, kazi ya mwalimu ililiwa na muda kama mchwa walavyo mlango wa ghala.

Uongozi na taarifa

Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilieleza kasoro zilizojulikana na wengi: watumishi wasio na ujuzi, upendeleo katika kuajiri, siasa kuingilia biashara, na zaidi ya yote, wanachama wasiofahamu mambo ya chama chao. Baada ya hapo usimamizi wa Serikali uliongezeka, na muundo wa VFCU ukafumuliwa na kufanywa chama kikuu kimoja cha Nyanza. Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji, na kijiji kikawa ndicho chombo cha ushirika. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchini kote. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ili virudishwe, kisha zikafuata sheria nyingine, zikiwemo za mwaka 1991, 2003 na 2013.

Katika mambo hayo yote mkulima alizungumzwa sana, lakini alisikika kidogo. Uamuzi wa kuvunja haukupitia mkutano mkuu wa wanachama. Inawezekana vyama vingi vilistahili kulaumiwa. Hata hivyo, chama kilichokuwa safi hakikuwa na njia nyepesi ya kujitenga na kilichooza, isipokuwa kwa vitabu vyake. Chenye daftari la wanachama, mihutasari ya mikutano, hesabu zilizokaguliwa na nakala za stakabadhi huweza kusema: haya ndiyo tuliyofanya. Kisicho navyo huhukumiwa kwa sifa ya jumla. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata jina la chama hupotea kwa njia hiyo hiyo.

Soko

Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Mkulima aliondokewa na hali ya mnunuzi mmoja anayechelewesha malipo, lakini alikutana na matatizo mapya ambayo watafiti wa uchumi wameyaandika mara nyingi. Wanunuzi waliposhindania pamba, baadhi yao walipokea safi na fifi kwa bei moja, hivyo mkulima aliyechambua kwa uangalifu hakupata malipo ya uangalifu wake. Aliyekopesha mbegu na dawa hakuwa na hakika ya kulipwa, kwa kuwa mkopaji aliweza kumwuzia mwingine; kwa hiyo mikopo ikapungua. Tangu mwaka 2018 Serikali ilielekeza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na mzigo wa mizani, daraja na malipo ukarudi mabegani mwa vyama hivi.

Mwanachama anayetaka kuielewa bei hana haja ya shahada. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu hupatikana nyuzi zipatazo theluthi moja au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu, ambazo hutoa mafuta na mashudu. Bei ya nyuzi hufuata soko la dunia. Ukijua bei ya nyuzi, ukaongeza thamani ya mbegu, kisha ukatoa gharama za usafiri, uchambuaji, ushuru na mchango wa chama, utaona bei ambayo mnunuzi anaweza kuimudu. Hesabu hiyo ikiandikwa ubaoni penye ofisi ya chama kabla ya msimu, mazungumzo ya bei hayatakuwa ya kubahatisha. Huo nao ni utafiti, na unafanyika kwa chaki.

Maktaba

Sheria ya Huduma za Maktaba ilitungwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwanza ina maktaba yake ya mkoa. Nyegezi, ambako kituo cha mafunzo ya jamii kilianzishwa mwaka 1960, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino tangu mwaka 1998. Vyuo havipo mbali. Kilicho mbali ni maandiko.

Mathalan, Hans Cory aliishi miaka mingi katika kanda hii akikusanya sheria na desturi za Wasukuma, na kitabu chake kikatoka mwaka 1953; karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Andrew Maguire aliandika habari za siasa na ushirika wa Usukuma katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1969, kwa Kiingereza. Wazee waliotoa habari zile walikuwa wakulima, na wajukuu wao hawana nakala.

Mfano ulio tofauti kidogo ni wa mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alikamilisha kitabu kikubwa juu ya maisha ya Wakerewe, kwa lugha ya Kikerewe, wala hakupata wa kukichapisha. Mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliofika kisiwani kwa utafiti, walimtia moyo akitafsiri. Mzee alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Ilichukua miaka 35 maarifa ya kisiwa kuwafikia Waswahili wasomao, lakini yalifika, kwa sababu aliyeyaandika aliyatunza na wageni waliokuja kuuliza hawakuondoka na majibu peke yake.

Mambo ya kutekelezwa

Ndugu Wajumbe, yafuatayo yanaweza kuamuliwa na mkutano mkuu wa chama chochote, bila kungoja fedha kutoka nje.

Kwanza, kila mtafiti anayefika aonyeshe kibali chake cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, au barua ya chuo chake ikiwa ni mwanafunzi, na jina la utafiti wake liandikwe katika daftari la wageni.

Pili, akubali kwa maandishi kuleta nakala ya kazi yake, pamoja na muhtasari wa kurasa mbili tatu kwa Kiswahili, utakaosomwa mbele ya wanachama.

Tatu, chama kiwe na rafu au sanduku lenye kufuli, lisilofikiwa na mchwa wala maji, na mtu mmoja akabidhiwe ufunguo. Ndani yake ziwekwe sheria na masharti ya chama, mihutasari, taarifa za ukaguzi, bei za kila msimu, maelezo ya kilimo na tafiti zilizoletwa. Mwanachama awe na haki ya kusoma siku maalumu za wiki.

Nne, kila msimu mizani ijaribiwe mbele ya wanachama kwa jiwe la uzito unaojulikana, na matokeo yaandikwe.

Wapo viongozi watakaosema kwamba kuwafungulia wanachama karatasi ni kukaribisha ugomvi. Ugomvi huwapo hata karatasi zikifichwa. Tofauti ni kwamba bila karatasi hushinda mwenye sauti kubwa. Wapo pia watakaohofia siri za watu. Hofu hiyo ni ya haki. Deni la mwanachama binafsi lisitangazwe, wala mtafiti asipewe majina ya wadaiwa; lakini hesabu ya chama si siri ya mtu.

Mtafiti hukaa kijijini wiki chache, huuliza, hushukuru na kwenda zake. Mkulima aliyeacha palizi ili amjibu amemkopesha siku yake ya kazi. Ushirika hujua namna ya kudai mikopo. Mkopo huu nao uandikwe, na udaiwe.