Aliyeshitakiwa Asikilizwe Kwanza

Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka C



Injili ya Dominika hii yatuweka mbele ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi. Amesimamishwa katikati ya watu, na mawe yapo tayari. Liko jambo moja ambalo mara nyingi twalipita haraka. Katika mkutano ule wote, hakuna aliyemwuliza mwanamke yule neno lolote isipokuwa Bwana wetu, naye alimwuliza mwishoni, washitaki walipokwisha kuondoka mmoja mmoja. Tena yule mwanamume aliyezini naye hakuletwa, ingawa Torati iliwataja wote wawili.

Kesho Jumatatu Mama Kanisa atatusomea habari ya Suzana, katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Huko Babeli wazee wawili, waliochaguliwa kuwa waamuzi wa watu mwaka ule, walimtamani mke wa mtu. Alipowakatalia, walimsingizia kwamba wamemkuta na kijana bustanini. Mkutano uliwaamini mara moja, kwa sababu gani? Kwa kuwa walikuwa wazee, na kwa kuwa walikuwa waamuzi. Heshima yao ilitosha kuwa ushahidi. Suzana alikuwa akipelekwa kuuawa, ndipo Danieli, kijana asiye na cheo, alipopaza sauti na kutaka kesi isikilizwe upya. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Huyu akataja mti huu, na yule akataja mwingine. Uongo ukaanguka hapo hapo.

Neno hili "wazee" latugusa sana sisi wa Tabora, maana wako wazee wetu wengi waliopata kuketi mahakamani pamoja na jaji, nao ndio tuliowaita wazee wa baraza. Kule Uingereza watu 12 wa kawaida, waitwao juri, ndio waamuao katika kesi kubwa za jinai kama mshitakiwa ana hatia au hana, na jaji hutoa adhabu. Wakati wa ukoloni jirani zetu wa Kenya walikuwa na juri kwa Wazungu tu. Mwafrika aliposhitakiwa, jaji alisaidiwa na wazee wa baraza, ambao kauli yao haikumfunga. Baada ya Uhuru desturi ya wazee iliendelea kwetu pia. Katika Mahakama Kuu, kesi ya mauaji ilisikilizwa na jaji akiwa na wazee wasiopungua wawili. Mwishoni jaji aliwaeleza kwa muhtasari ushahidi wote na sheria ihusikayo, na kila mzee akatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji aliweza kuyakubali au kuyakataa. Katika Mahakama ya Mwanzo, chini ya sheria ya mwaka 1984, uzito wa wazee ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa uamuzi ulifuata wingi wa kura: kwa miaka mingi wazee wawili waliweza kumshinda hakimu.

Mzee wa baraza aliruhusiwa kumwuliza shahidi swali ili aelewe vizuri zaidi. Hakuruhusiwa kumhoji kwa nia ya kumbana, kana kwamba yeye ni wakili wa upande mmoja. Mahakama ya Rufani, hata ilipokaa hapa hapa Tabora, ilipata kubatilisha kesi nzima kwa sababu wazee walivuka mpaka huo. Sisi twaona hekima kubwa hapo. Mwenye kupima maneno ya wengine akianza kushindana, amekwisha kuchagua upande kabla ya mizani kutulia.

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na Mahakama Kuu hailazimiki tena kuketi na wazee katika kesi hizo. Kenya walikwisha kuwaondoa mwaka 2007. Wako waliosema kwamba wazee walichelewesha kesi, na ya kuwa haifai kumwita mtu aseme halafu maneno yake yasimfunge yeyote. Ubishi huo tuwaachie wanasheria, ingawa twakiri kwamba tuliupenda utaratibu ule, kwani mkulima wa tumbaku alijifunza humo jinsi ilivyo vigumu kumhukumu mtu.

Katekista mmoja, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, alitusimulia alivyoitwa kuwa mzee wa baraza. Siku ya kwanza alipomwona mshitakiwa ameletwa chini ya ulinzi, nguo zimemchakaa, alisema moyoni: huyu ameua. Kisha shahidi akaeleza kwamba alimtambua muuaji usiku kwa mwanga wa koroboi. Wakili akamwuliza: koroboi ilikuwa wapi? Wewe ulikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulimfahamu kabla ya siku ile? Maswali hayo si ya ujanja. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imefundisha kwamba ushahidi wa kumtambua mtu gizani usipokelewe bila kupimwa hivyo. Ni swali lile lile la Danieli juu ya mti. Kadiri majibu yalivyoendelea, katekista alituambia, aliona aibu mwenyewe, maana siku mbili zilizotangulia alikuwa amemnyonga mtu yule moyoni.

Ndugu wapenzi, mji wetu ulikuwa kitovu cha njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Twapenda kuwakumbuka wapagazi Wanyamwezi na nguvu za mabega yao. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na si wote waliokuwa mateka wa vita. Wako waliouzwa kwa deni, na wako waliouzwa kwa kuwa kijiji kiliwatuhumu uchawi. Aliyekwisha kufungwa katika mnyororo kwenda pwani hakuwa na mahali pa kukata rufani.

Je, haraka ile imekwisha? Bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka 50, angali akiitwa mchawi katika vijiji vyetu vya Unyamwezi na Usukuma, na wengine wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo. Mwizi wa kuku huchomwa kwa tairi kabla hajataja jina lake. Sungusungu walipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walikuwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe, na uchungu wao twauelewa. Lakini sheria ya mwaka 1989 iliyowatambua iliwapa uwezo wa kukamata. Kuhukumu si kazi yao.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wengine. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa paroko mashambani, walitujia baada ya Misa wanaume wawili wenye kuheshimika katika kigango chao. Walisema kwamba mtunza hazina, mama mjane, amekula fedha za mabati ya kanisa. Walisema maneno yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule, nasi badala ya kushtuka tukaona kuwa huo ndio uthibitisho. Hatukumwita yule mama. Dominika iliyofuata tulitangaza mbele ya waamini wote kwamba ameondolewa katika kazi yake. Sababu hatukuitaja, na haikuwa lazima kuitaja. Alikuwa ameketi benchi la tatu.

Baada ya miezi minne mabati yaliletwa yote kutoka mjini, pamoja na stakabadhi ya malipo yenye tarehe iliyotangulia tangazo letu. Mzigo tu ndio uliochelewa. Ndipo tulipokumbuka kuwauliza wale wawili, kila mmoja peke yake. Wa kwanza alisema alimwona mama akihesabu fedha nyumbani kwake usiku. Wa pili alisema yeye hakuona kitu. Aliambiwa na mwenzake.

Tulikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi, kisha tukatangaza tena kanisani, mahali pale pale tulipotangaza kwanza. Alitukaribisha, akatupa kigoda, akatuletea maji. Alisema, "Padre, mimi nilikaa nikisubiri uniulize." Alitusamehe, na Pasaka ile alipokea Komunyo pamoja na wenzake. Lakini daftari la hazina alikataa kulipokea tena.