Kariakoo na Watu wa Kuja



Nimeombwa nizungumzie waliojenga Kariakoo. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 waliwaweka hapa wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliotoka Kenya na kwingineko. Vinywani mwa wenyeji ikawa Kariakoo. Basi hata jina tumepewa na wageni.

Wazaramo na Washomvi walikuwapo. Wakaja Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo, Wanyamwezi, Wanubi, Waluguru. Marehemu Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alikuwa mtoto wa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Chama hicho ndicho kilichozaa TANU, tarehe 7 Julai 1954, katika barabara ambayo leo ni Lumumba.

Sisi Walutheri wengi tulifika kutoka Kilimanjaro, Bukoba na Nyanda za Juu Kusini. Nani alitupokea? Tulipanga katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo vya wote. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kimanyema, Mwislamu. Jumapili yeye ndiye aliyeniamsha: “Mwanangu, kengele imelia.” Ramadhani, futari haikuanza kuliwa kabla sijaitwa.

Nyumba hizo nyingi zimekwisha kubomolewa, maghorofa ya maduka yakasimama mahali pake, na wana wa wenye nyumba wamehamia Mbagala na Tabata. Wachina nao wakaja na bidhaa zao. Mwaka 2025 Serikali iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na sheria tuiheshimu. Machinga wetu walikuwa na malalamiko ya haki. Lakini nimewasikia washarika, tena mlangoni pa kanisa, wakisema “watu wa kuja” kwa dharau. Nikajiuliza, babu zao walishuka stesheni mwaka gani?

Kamati imekusanya majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wote wa miaka 100. Naomba iongeze ukurasa wa wenye nyumba waliotupangisha, ijapokuwa hawakuwa Wakristo. Nimekuja na majina tisa. Wenzangu tuliobaki, tafadhali tukutane baada ya ibada tuyaongeze.