Taka ni Mali, Lakini Mali ya Nani?

Lamu kuna jahazi linaitwa Flipflopi. Mita 9, limeundwa kwa plastiki na ndara kuukuu zilizookotwa, na mafundi ni walewale wa majahazi ya mbao. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja. Kwa hivyo usidanganywe kwamba kutumia kitu tena na tena ni mambo ya Ulaya.

Swali langu ni la pesa. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inasema anayeingiza chupa sokoni awajibike nayo hata ikishatupwa. Inataka taka zitenganishwe nyumbani, na kaunti ziweke vituo vya kuzichambua. Sawa. Lakini nenda Mwakirunge uone ni nani anafanya hiyo kazi saa hii: kina mama na vijana, wengi bila glavu, wanauza kwa kilo kwa bei anayotaka dalali. Na sisi tunawaita chokoraa!

Kaunti ikiita wananchi watoe maoni ya bajeti, njoo. Uliza kituo chetu kiko wapi, na hawa wachambuzi wameandikwa wapi kwenye huo mpango. Wakati huo huo, nyumbani kwako: maganda ndoo yake, chupa gunia lake.