Pikipiki ya Mapigo Mawili au Manne?

Leo tutazungumza juu ya pikipiki za njia za matope na mchanga. Mtu ana akiba yake, anakwenda Kariakoo kutafuta pikipiki iliyokwisha tumika. Achague ipi?

Andikeni neno hili: PIGO. Pigo ni mwendo mmoja wa pistoni, kupanda au kushuka.

Yamaha DT 125 ni ya mapigo mawili. Injini ya namna hii ni nyepesi, ina nguvu, na haina mambo mengi ndani. Lakini huunguza oili pamoja na petroli, tena hunywa petroli nyingi na kutoa moshi. Oili ikikosekana, pistoni hukwama, injini hufa.

Honda XL 125 ni ya mapigo manne. Injini yake ina vali, na ufundi wake ni mwingi zaidi, lakini hutumia petroli kidogo. Oili hukaa ndani. Ibadilishwe kwa wakati wake.

Basi, mwenye safari za kila siku achague mapigo manne. Lakini kabla ya kutoa fedha, aulize kwanza kwa mafundi wa Gerezani: spea zake zapatikana? Pikipiki isiyo na spea ni chuma tu.