Fimbo ya Moto Ifo: Uzito wa Ncha, Mafuta na Mahali pa Kuchezea



Nimeombwa katika semina hii nizungumzie majaribio ya kujitengenezea fimbo za moto, zile za kuzungushwa zikiwa zinawaka ncha zote mbili. Nitaanza kwa kutaja msimamo wangu ili anayeupinga awe na muda wa kujiandaa. Kwa mazingira ya kambi ya wakimbizi ya Ifo, kubuni fimbo ni kazi ya uzito na mizani. Moto unakuja mwisho kabisa, na kwa vikundi vingi vilivyomo humu nadhani usije kwanza.

Sisemi hivyo kwa sababu mchezo huu ni mgeni kwetu. Wazee wengi wa kambini wanaijua Istunka ya Afgooye, kando ya mto Shabelle, ambako pande mbili hukutana kila mwaka na kupigana kwa fimbo. Wanaijua pia Dabshid, sikukuu ya mwaka mpya wa jua inayoangukia Julai, ambapo watu huwasha moto na kuuruka. Ukishuka pwani, Lamu kuna kirumbizi, ngoma ya kupigana kwa fimbo, na Makunduchi, Unguja, kuna Mwaka Kogwa, nao wa mwezi uleule wa Julai: wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Kwa hiyo fimbo na moto ni jamaa wa siku nyingi katika ukanda huu. Tofauti ni kwamba kwetu fimbo ilikuwa ya kupigana na moto wa kuruka au kukimbia.

Kuvifunga pamoja kwa maonyesho ya jukwaani kulipata umaarufu kupitia Msamoa mmoja, Freddie Letuli, akiwa San Francisco mwaka 1946. Aliona mla moto akifanya mazoezi, akaona na msichana akizungusha kijiti chenye balbu za umeme kwenye ncha, naye akaenda kufunga taulo kwenye kisu cha ngoma ya kwao na kukiwasha. Naomba balbu zile msizisahau, nitazirudia. Siku hizi wanasarakasi huzungusha moto mbele ya watalii kuanzia Diani hadi Nungwi, na Nairobi vijana wengi wamefunzwa sarakasi na Sarakasi Trust, iliyoanzishwa mwaka 2001. Vijana wa Ifo wanayaona hayo kwenye simu, na wanataka. Haki yao.

Ila Diani ina mchanga mbichi na bahari iko hatua chache. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, na kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Wakati wa njaa ya 2011 waliokuwamo walipita 400,000. Nyumba nyingi ni fito zilizopindwa na kufunikwa vitambaa na maturubai, ua ni miiba mikavu, na upepo hauombi ruhusa. Cheche moja ya Diani hufia mchangani. Ya Ifo ina pa kwenda.

Uzito kwanza

Chukueni paipu ya alumini ya mita 1.3 yenye uzito wa gramu 500. Ukifunga gramu 100 kila ncha, umeongeza gramu 200, yaani asilimia 40 ya uzito wa mwanzo. Mkono hautasikia hivyo. Ugumu wa kuianzisha fimbo hiyo izunguke, na ugumu wa kuisimamisha, umepita mara mbili ya ulivyokuwa. Gramu hizohizo 200 ukizifunga katikati, mahali pa kushikia, mzunguko haubadiliki karibu chochote. Sababu ni kwamba kinachohesabika ni uzito mara umbali wake kutoka kwenye kitovu, na umbali huo unazidishwa kwa wenyewe. Mwalimu wa fizikia akitaka somo ambalo darasa zima litalihisi mikononi, ndilo hili.

Kutokana na hapo kila muundo ni uamuzi. Ncha nzito huifanya fimbo izunguke taratibu na kwa uthabiti, ikiviringika vizuri shingoni na mabegani bila kushikwa. Ncha nyepesi huifanya iwe ya haraka, ifaayo kubadilisha mkono kwa mkono, lakini hukatika mwendo upesi. Anayeanza apewe ya wastani, ndefu kiasi cha kutoka ardhini hadi kifuani mwake. Vikundi vingi hukosea kwa kuiga urefu wa fimbo ya mtu mzima waliyemwona kwenye video na kumpa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Jambo ambalo watengenezaji hulisahau ni kwamba mafuta nayo ni uzito. Mililita 100 za mafuta ya taa zina gramu 80 hivi. Utambi ukinywa kiasi hicho kila upande, unaanza mchezo na fimbo nzito na kumaliza na fimbo nyepesi, kwa sababu mafuta yanateketea njiani. Ikiwa utambi mmoja umekunywa zaidi ya mwenzake, kitovu kinahama na fimbo inavuta upande mmoja kama ngamia asiyetaka kamba. Dawa yake ni mizani ya dukani. Pimeni kila utambi ukiwa mkavu, upimeni tena ukiwa umelowa, kisha laza fimbo juu ya kidole kimoja uone inapolala sawa. Wekeni alama hapo kwa utepe.

Kuna hesabu nyingine ya kuwaonyesha vijana. Fimbo hiyo ya mita 1.3 ikizunguka mara mbili kwa sekunde, ncha yake inakwenda mita 8 kwa sekunde, na tone la mafuta lililo pale linavutwa nje kwa nguvu takriban mara kumi ya uzito wake. Tone hilo halibaki kwenye utambi, linaruka, na likiruka likiwa linawaka hutajua limeangukia wapi. Ndiyo maana mafuta ya ziada lazima yakamuliwe na kukung'utwa ndani ya debe kabla kiberiti hakijaguswa.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Paipu ya plastiki haifai kwa moto, inalainika na kudondoka. Paipu ya chuma iliyopakwa zinki ni nzito, na ikipata joto kali mno hutoa moshi wenye sumu. Alumini ni nzuri, ila inasafirisha joto hadi mkononi, kwa hiyo ziba kila ncha kwa kipande cha mti na skrubu za utambi ziingie humo. Fimbo ya mti mtupu, kama mareer ambayo wafugaji wanaijua vizuri, ina mshiko mzuri na haipitishi joto, lakini huungua polepole chini ya utambi mahali msipopaona. Ikaguliwe kila mara.

Utambi wenyewe ndio mtego. Kwingineko hutumia ukanda wa Kevlar, wa nyuzi zinazostahimili moto, ambao hutaukuta kwa muuza vitambaa wa Ifo, kwa hiyo vijana hufunga nguo kuukuu. Chomoa uzi mmoja uuchome mbali na kila kitu: pamba huacha jivu laini linalopukutika, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kitambaa cha punje hakitumiki kabisa, kwa sababu kitadondosha matone yanayowaka na kunata kwenye ngozi. Pamba ifungwe kwa waya wa kufungia nondo, isifungwe kwa kamba wala gundi, nayo itupwe inapoanza kuchanika.

Mafuta na jua la Ifo

Maelekezo mengi ya fimbo za moto yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanasema mafuta ya taa ni salama kuliko petroli, na ni kweli. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kuanzia nyuzi 38 hivi. Kwa Uingereza, hiyo ni nafasi kubwa. Ifo, mwezi wa Februari au Machi, kivulini tu joto linaikaribia nyuzi 38, na mtungi uliosahaulika juani unaipita bila wasiwasi. Yaani mafuta yaleyale ambayo kule yanahitaji kubembelezwa ili yawake, hapa yanaweza kuwa tayari kabla hujafungua kifuniko.

Ongezeni suala la kuchanganya. Septemba 2018 serikali ya Kenya iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi waliokuwa wakiyachanganya na dizeli wakose faida. Kwa mnunuzi mdogo hatari iko penye mtungi: uliobeba petroli jana unabeba mafuta ya taa leo, na masalia kidogo ya petroli yanatosha kushusha kabisa kile kiwango cha nyuzi 38. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, na Sachangwan, Januari 2009, watu zaidi ya mia moja walikufa kila mahali kwa petroli iliyomwagika. Hakuna kijana wa Kenya anayehitaji kuelezwa zaidi.

Mavazi pia ni sehemu ya muundo. Dirac na jilbabu nyingi za sasa ni za nyuzi za plastiki, vilevile mablanketi laini yanayouzwa sokoni. Hivyo vyote huyeyuka kama ule utambi wa punje, kwa hiyo msimamizi asimame na shuka nzito ya pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa, na watazamaji wakae upande upepo unakotoka.

Fimbo ya taa

Sasa turudi kwenye balbu za yule msichana wa San Francisco. Betri ndogo ya AA ya alkali ina uzito wa gramu 23 hivi. Betri tatu kila ncha ni karibu gramu 70, yaani karibu sawa na mililita 100 za mafuta ya taa. Kwa hiyo paipu ya plastiki ya mafundi umeme, betri tatu na taa za LED kila upande, vikifungwa vizuri, vinazunguka karibu kama fimbo ya moto iliyolowa, na uzito wake haupungui katikati ya mchezo. Taa za tochi zilizoharibika zinapatikana, na fundi wa simu yeyote anaweza kuziunganisha. Ikidondoka juu ya turubai, hakuna kinachoungua.

Watakaosema taa si moto wana haki, hazina mlio wala joto. Lakini moto unahitaji usiku, na usiku wa kaunti hii ya Garissa haukuwa wetu kila wakati. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliamuru watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River wasitoke nje tangu magharibi hadi alfajiri. Kundi la vijana wenye fimbo zinazowaka gizani, bila polisi wala uongozi wa kambi kujulishwa, linaweza kueleweka vibaya kabla halijatazamwa. Fimbo yenye utepe wa rangi huchezwa mchana, yenye taa huchezwa jioni ndani ya ukumbi wa shule, na zote mbili zinafundisha mkono uleule.

Naomba semina hii ikubaliane kwamba hakuna kikundi kitakachowasha fimbo ndani ya mabloki ya makazi, na kwamba atakayetaka kuwasha awe kwanza ameizungusha fimbo yenye uzito uleule, bila moto, mpaka msimamizi wake aridhike. Uwanja uwe wazi, usio na nyasi, na uongozi wa kambi na polisi wawe wamepewa taarifa kwa maandishi. Mtungi wa mafuta ukae kivulini, umefungwa, upande wa pili wa uwanja. Walio na paipu na betri wabaki baada ya chai, tutaanza kupima.